Kifua Kilicholala

Neno lenyewe nililitoa mimi, kwa kuwa nesi hakujua Kiswahili na mama alikataa katakata kujifunza Kiingereza. Tulikuwa sebuleni kwangu huku ughaibuni, mtaa wa Flemingdon Park, ghorofa ya tisa, mwanangu akitambaa chini ya meza. Nesi wa afya ya jamii alileta majibu ya vipimo alivyofanyiwa mama alipotufuata kutoka kambi ya wakimbizi Kigoma: ana vijidudu vya kifua kikuu, lakini haumwi, wala haambukizi mtu. Nikamwambia, "Mama, kifua kikuu unacho, ila kimelala." Sikukosea. Ndivyo nesi alivyosema, neno kwa neno.

Mama akacheka. "Aliyelala usimwamshe," akasema. "Ukimwamsha, utalala wewe."

Hapo nikajua tumekwisha. Mama akishika methali, hata mchungaji hamnyang'anyi. Nesi akaeleza kwamba dawa ya kukizuia kisiamke ni ya miezi michache tu. Kwamba mama ana sukari, na kwa mwenye sukari kifua huamka upesi. Kwamba mkojo ungegeuka rangi ya machungwa, asiogope. Hilo la mkojo ndilo lililoharibu kila kitu.

"Ebo! Sina hata kikohozi, mnataka nikojoe soda?"

Nesi alitabasamu, maana sikumtafsiria. Hakuwa na uwezo wa kumlazimisha mtu asiyeumwa. Akaniachia namba yake ya simu, akavaa viatu vyake mlangoni, akaenda.

Nilimsema mama wiki nzima. Nilimsema nikipika, nikamsema nikivaa sare ya kwenda kwenye nyumba ya wazee ninakoogesha mabibi wa watu. Akanijibu kwamba amezika mume na watoto bila kushikwa mkono na nesi yeyote, na kwamba yai halimfundishi kuku kutaga. Basi nikamwacha. Ungemfanya nini?

Baridi ya mwaka wa pili ikaja na kikohozi. Mama akaisingizia hita, eti inakausha hewa. Akapungua mpaka kanga ikawa inamzunguka mara mbili, akasema chakula cha huku hakina nguvu. Na mimi nikiwa kazini, yeye ndiye aliyekaa na mtoto kutwa nzima. Alimpoozea uji kwa kuupuliza, kijiko baada ya kijiko, wakaimba, wakalala blanketi moja. Siku alipotema damu kwenye sinki nilipiga simu huku namtukana yeye na methali zake zote.

Hospitali walimweka peke yake, chumba chenye milango miwili. Niliingia nimevaa barakoa ya kubana pua. Kila nikiingia aliuliza jambo moja tu: "Mtoto je?" Nikawa namwambia bado, bado, majibu hayajatoka. Yalipotoka nilitaka kumdanganya, nikashindwa.

"Anacho," nikasema. "Kimelala."

Aligeukia ukutani, mabega yakatikisika, nisijue ni kikohozi au ni kilio. Nilikuwa na hasira naye, Mungu anisamehe, hasira ya kushindwa hata kumgusa. Kisha akasema bila kugeuka, "Kiueni kingali kimelala. Unanisikia wewe? Kiueni."

Nikamwambia nimesikia, mama.

Yeye dawa zilimkuta amekwisha. Tulimzika kabla theluji haijayeyuka, ardhi ngumu imechimbwa kwa mashine, na kanisani wengi walisimama mbali nasi kwa adabu. Niliwaelewa, lakini iliniuma.

Sasa kila asubuhi namkorogea mtoto dawa kwenye kijiko cha jemu, kisha namwambia apanue mdomo nione kama amemeza. Mkojo wake umekuwa wa machungwa kweli. Anauchungulia kwenye poti, anacheka. Mimi nacheka naye, halafu naenda bafuni nafungulia maji ili asinisikie.

Juzi, mdomo ukiwa bado na jemu, aliuliza bibi yuko wapi. Nikamjibu vile tunavyosema kanisani, kwamba bibi amelala. Akanitazama kama mtu anayeona jambo jepesi limenishinda, akaniambia kwa Kiingereza anachookota sasa huko chekechea: basi twende tukamwamshe.