Neno la Nuria Juu ya Paa

Winfrida alizaliwa Chiwata, kwa wazazi wakulima wa korosho, akasoma akiishi kwenye hosteli ya masista kutoka Hispania. Kihispania alikiokota huko, jikoni na bustanini, kisha akakikazania kwa vitabu vya masista. Sasa ni mwalimu wa Kiswahili Newala, na likizo zikifika huwatafsiria Wahispania wanaokuja kutengeneza visima vya kuvunia maji ya mvua.

Kilichomsumbua tangu hosteli ni lile umbo la kitenzi la kutaka na kuagiza, la jambo ambalo bado halijawa. Akajitafutia njia ya mkato. Sisi husema "anasoma" tukitoa habari, "asome" tukiagiza. A inageuka e. Kihispania nacho kina "habla", anazungumza, na "que hable", azungumze. Akafurahi, akaona ni ndugu. Kwamba vipo vitenzi vinavyokwenda kinyume, e ikageuka a, alilijua pia, na kwenye karatasi hakukosea. Masikioni ndimo lilikuwa halijaingia.

Novemba moja walikuwa wakisafisha kisima cha zamani nyuma ya ukumbi wa parokia, kabla mvua hazijaanza. Hamidu alishuka kuzoa tope, kamba imefungwa kifuani, Fundi Walter na wenzake wameishika juu. Nuria, mhandisi wao, alipanda paani kukagua mifereji, na kutoka huko aliona mpaka ndani ya kisima. Winfrida alimshikia ngazi upande wa mbele, asikoweza kukiona kisima.

Mara Nuria akapaza sauti: "Que lo suban ya."

Suban. Irabu ya mwisho ni a. Basi ni habari, akawaza Winfrida, wanampandisha tayari. Akaitikia kwamba amesikia, akaendelea kushika ngazi. Hata alishukuru moyoni kuwa Hamidu atapumzika.

Nuria akarudia, safari hii sauti ikimkatika. Winfrida akainua macho. Uso wa Nuria ulikuwa umepauka, mkono wake ukionyesha nyuma ya ukumbi. Hapo ndipo neno lilipomgeukia. Wanampandisha ingekuwa "suben". Nuria alisema "suban". Wampandishe.

Aliiacha ngazi, akakimbia kuzunguka ukumbi, kanga ikamdondoka njiani. Alipofika kisimani, alipaza sauti.

"Mvuteni Hamidu."

"Amekaa anapumzika kidogo, Mwalimu," alisema Walter.

"Nuria amesema mumpandishe. Mvuteni sasa hivi."

Walter akachungulia, akaita. Kimya. Akashika ukingo ili ashuke mwenyewe.

"Usishuke, Fundi. Hewa ya humo mbaya. Vuta kamba."

Wakavuta. Hamidu alitoka kichwa kikining'inia, midomo imekuwa rangi ya majivu. Walipomlaza chini, Winfrida aliogopa kumtazama kifua, asije akaona hakiinuki. Akatazama miguu yake yenye tope, akaitazama tu, mpaka aliposikia kikohozi. Hamidu akatapika, akavuta pumzi kwa nguvu. Walimkimbiza hospitali, akawekewa oksijeni, na kesho yake aliweza kukaa.

Woga haukumtoka Winfrida. Alipokwenda kumjulia hali Hamidu, alimkuta mkewe nje ya wodi.

"Shikamoo, Mama Halfani."

"Marahaba, Mwalimu. Nasikia wewe ndiye uliyesema avutwe. Mungu akulipe."

Angeweza kuipokea ile asante akaenda zake. Hakuweza.

"Nilichelewa, Mama. Niliambiwa wampandishe, nikasikia wanampandisha. Kosa ni langu."

Mama Halfani aliikunja kanga yake, akaikunjua.

"Yule Mzungu atawaagiza tena watu washuke visimani?"

"Ndiyo."

"Basi usiikimbie kazi. Ila usiposikia vizuri, uliza."

Alirudi kazini, akaishika tena ngazi. Tangu hapo, Nuria akisema neno, Winfrida humuuliza kwanza kwa Kihispania: unanipa habari, au unaagiza? Nuria si mtu mwenye subira, lakini hujibu kila mara. Vijana wa kamba humcheka Mwalimu wao kwa maswali hayo. Huwaacha wacheke, na hamgeukii Walter mpaka jibu lije.