Salongo ya Jumatatu ya Pasaka

Mwanzoni mwa mwaka 2017, Falonne Nabintu alikuwa akiondoka nyumbani kwao Troyeville, mtaa wa Johannesburg, kila asubuhi akiwa amevaa koti jeupe la maabara. Alilivua nyuma ya kituo cha mafuta, akavaa buti alizozificha katika mfuko wa plastiki, kisha akangoja gari la kazini. Jioni alizivua buti mahali pale pale, akafuta udongo kwenye kucha, akarudi kwao na koti jeupe tena. Koti hilo alinunuliwa na mama yake, Mama Brigitte, fundi cherehani anayefahamika na nusu ya Wakongo wa mtaa ule. Ni yeye aliyewatangazia wanawake wa kanisa letu kwamba bintiye anafanya mafunzo ya vitendo katika maabara ya hospitali.

Uongo huo ulikuwa na sababu, na naieleza kwa hasira kwa kuwa ni sababu ya wengi wetu. Tulitoka Bukavu na Uvira tukiwa na vyeti vyetu, tukaja Johannesburg kulinda magari ya watu na kusuka nywele za watu. Tukaapa kwamba watoto wetu hawatashika jembe. Sasa mtoto anafika mwaka wa mwisho wa chuo kikuu, halafu chuo kinampeleka kung'oa majani!

"Staji gani hiyo, mafunzo gani hayo ya kulima?" Mama Brigitte alimuuliza siku ya kwanza, alipoona malengelenge viganjani mwake. "Kulima ningekufundisha mimi mwenyewe, tena bila karo."

"Si kulima, mama. Tunalinda nyasi."

"Nani anaiba nyasi?"

Falonne alijaribu kueleza. Kusini mwa jiji kuna vilima viwili ambavyo bado vina nyasi za asili, zile zilizokuwapo kabla ya migodi na barabara. Kati ya vilima hivyo umebaki ukanda mwembamba, maghala upande mmoja na nyumba mpya upande wa pili. Ukanda huo ndio ushoroba, yaani njia ya wanyama. Humo hupita kalunguyeye, bundi wa nyasini, na mondo, paka wa porini mwenye miguu mirefu na masikio makubwa. Mondo hatembei mahali peupe. Nyasi zikikatwa, anabaki kwenye kilima kimoja bila mwenzi, na kizazi chake kinaishia hapo. Wanafunzi walipima nyasi, walikagua kamera zinazopiga picha zenyewe usiku mnyama anapopita, na waling'oa magugu yaliyoletwa kutoka nchi nyingine.

Hayo magugu ndiyo yaliyomfurahisha Karimu, mwanafunzi mwenzake ambaye wazazi wake walitoka Tanga. "Dada Falonne, hebu tazama," alisema akiwa amekishika kimti kwa mizizi. "Wametupa sisi wageni kazi ya kufukuza wageni. Siku hiki kikijifunza kusema, kitaniomba karatasi zangu."

Falonne alicheka, na moyoni aliipenda kazi ile kuliko alivyothubutu kukiri. Siku moja kamera ilimnasa mondo akiwa amegeuza kichwa, na Falonne akaitazama picha hiyo mpaka Karimu akamwuliza kama wameposana. Lakini nyumbani hakuieleza. Alichohitaji ni sahihi ya msimamizi wao, Daktari Rethabile. Bila sahihi hiyo asingehitimu mwisho wa mwaka, na mama yake alishaanza kuwaalika watu.

Uongo wa hospitali ulivunjika kabla ya Pasaka. Mwanamke mmoja wa kanisani alimwona Falonne kwenye roboti, zile taa za barabarani, zikiwa nyekundu, amekaa nyuma ya gari la wazi katika ovaroli yenye matope. Jumapili ile minong'ono ilijaa kanisani. Mama Brigitte hakukana. Alipandisha uongo cheo. "Maabara wamemaliza," alisema. "Sasa wamemkabidhi mlima mzima. Yeye ndiye mkubwa wa pale."

Wanawake wakapenda. Mlima ni mahali pa kuombea, na katika jiji hili kupata mahali pasipo na vibaka ni shida. Wakaomba wapelekwe Jumatatu ya Pasaka. Falonne alijua kwamba wageni hupita kwa ruhusa ya Daktari Rethabile pekee. Hakuiomba, maana angelazimika kueleza ni nani aliyempa cheo cha umeneja. Mlinzi alikuwa na likizo ya sikukuu, kwa hiyo akachukua ufunguo wa lango, akawaongoza hadi kwenye miamba ya kilima cha kwanza, akawasihi wasishuke chini. Mimi sikwenda, nilikuwa na zamu kazini. Yaliyofuata nilisimuliwa naye mwenyewe.

Maombi yalipokwisha alimsindikiza bibi mmoja hadi garini. Aliporudi, miamba ilikuwa mitupu. Wanawake walikuwa chini, katikati ya ushoroba, vitenge vimefungwa kiunoni, mafyekeo yakipanda na kushuka kwa wimbo.

Msomaji asiyetoka kwetu inabidi aelezwe. Kongo tunayo salongo, kazi ya pamoja ambapo mtaa mzima hutoka kusafisha mitaro na kufyeka majani. Tulilazimishwa, tukanung'unika, kisha ikatuingia damuni. Kwetu kuacha majani marefu mahali pa heshima ni kuwakaribisha nyoka na kumtukana mwenye mahali. Mama Brigitte alikuwa amewaomba wenzake waje na mafyekeo kwa siri. Hakuweza kuisahau mikono ya binti yake yenye malengelenge. Alitaka kumpunguzia kazi.

"Falonne!" aliita, uso ukimetameta kwa jasho. "Njoo uone! Kesho mkubwa wako atakuta pote peupe, atakupa sahihi mbili!" Kisha akawageukia wenzake. "Mwaona? Huyu ndiye niliyemzaa. Mlima wote huu ni wake!"

Sehemu iliyobaki ilikuwa bado kubwa. Neno moja lingetosha kuwazuia. Lakini ilikuwa mara ya kwanza mama yake kujivunia kazi yake halisi, na mbele za watu. Falonne akatabasamu, akapewa fyekeo, akalipokea. Walimaliza ukanda wote, wakafunga majani mafungu mafungu, wakafagia.

Kesho yake Daktari Rethabile alipita kwenye udongo mtupu akiyakagua mafungu. Lawama ilipata mtu upesi: Ma Sibeko, mjane aliyeruhusiwa kukata majani ya kutengenezea fagio kwenye kilima cha pili, baada ya mbegu kuanguka. Mafungu yalifungwa kama yake. Ruhusa yake ikasimamishwa siku hiyo hiyo, na mlinzi akaambiwa asimfungulie.

Karimu alizunguka pale akikuna kidevu. "Mwizi gani huyu, mwenzangu, anaiba kisha anafagia na kuacha mali?" Akamtazama Falonne, naye akatazama pembeni. Karimu akaacha mzaha. "Mimi sijaona kitu, dada," alisema polepole. "Lakini yule mama anakula kwa fagio zile."

Kila asubuhi wiki ile Ma Sibeko alikuwa langoni, akidai asikilizwe. Kila asubuhi Falonne alipita ndani ya gari akiwa ameinamisha kichwa. Nafikiri hiyo ndiyo aibu iliyomtafuna zaidi, kuliko fyekeo. Tunajua sisi jinsi inavyokuwa kushukiwa kwa sura na mahali unapolala. Tumelia katika jiji hili kwa ajili hiyo, na binti yetu alimwachia mwingine abebe mzigo ule ule.

Siku ya sahihi, Daktari Rethabile alikuwa ameshika kalamu pale nje kwenye meza ya mbao, na sauti ya Ma Sibeko ikasikika kutoka langoni: "Niambieni basi niliuza wapi! Niambieni!"

"Si yeye," Falonne alisema. "Ni mama yangu na wanawake wa kanisa letu. Niliwafungulia mimi."

Kalamu ikatulia. "Hawakujua?"

"Wao hawakujua."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo. Nilifyeka nao."

Daktari Rethabile hakufoka. Alifunga kalamu, akaenda yeye mwenyewe langoni kumfungulia Ma Sibeko na kumwomba radhi. Falonne alipomfuata naye amwombe radhi, Ma Sibeko alimpima kwa macho kutoka kichwani hadi kwenye buti. "Ulikuwa unaniona, mwanangu," alisema. "Kila siku ulikuwa unaniona." Akapita.

Sahihi haikutolewa. Falonne aliambiwa arudi mvua zikianza, auhudumie ukanda ule mpaka nyasi zifunike tena, na kuhitimu kusubiri mwaka mwingine.

Jumapili, wakati wa ushuhuda, Mama Brigitte alisimama. Hatukumtarajia. Alisema hakukuwa na hospitali wala cheo. Binti yake analinda majani ili paka wa porini apate njia, na yeye na wanawake wenzake waliifyeka kazi hiyo huku wakiimba. "Mtoto hana kosa. Hakuwepo. Alikuwa amemsindikiza bibi kwenye gari, akarudi akakuta tumemaliza. Aibu ni yangu."

Nilikuwa nimeketi karibu na Falonne. Aliushika ukingo wa benchi kwa mikono miwili, kama mtu anayetaka kuinuka. Alimtazama mama yake, ambaye hakumtazama. Kisha mchungaji akaanzisha wimbo, sote tukasimama, naye akasimama pamoja nasi.