Jemadari wa Misumari

Fundi viatu wa mlango wa pili alimnyima kinyozi raha. Sauti yake ni ya chini, lakini akianza kujadili vita vya riwaya ya joka ambayo watu wa mtaa wanapokezana, kopo la gundi huwa ngome ya joka, misumari huwa askari wa jemadari wake, na wateja wa kinyozi humhamia na vichwa vilivyonyolewa nusu. Leo uvumilivu ulimwisha kinyozi. "Jemadari wako mjinga! Kwa nini avamie lango? Angeziba kisima, joka life kwa kiu!" Fundi akalamba kidole kama kawaida yake, akaiondoa misumari langoni mmoja mmoja, akampisha kigoda. "Kweli, kaka. Kaa, uongoze wewe." Watu wakashangilia. Kinyozi akakaa, kijicho kikimchoma zaidi: hata kushindwa, yule bwana alijua kuliko yeye.