Mzee wangu alificha dawa za tezi dume kwa sababu ya neno moja: "inalegeza"

Wakuu, mwangaluka.

Nawaletea kisa cha mzee wangu wa hapa Kasoli, na chumvi siongezi. Mwenyewe kaniruhusu, ila kasema nisiweke picha. Kana kwamba kuna mtu aliomba picha.

Mzee ni mkulima wa pamba, mtu wa watu. Kwenye misiba yeye ndiye husimama kusema neno la ukoo.

Sasa ghafla akaanza kukacha misiba. Mara mgongo, mara ng'ombe kapotea. Na kwetu Usukumani, ukikacha ya wenzako, na siku yako watu hawaji. Wazee wakaanza kunong'ona kwamba pamba imempa kiburi.

Bi mkubwa ndiye aliyenivuta pembeni.

"Baba yako hana kiburi, mwanangu. Ni mkojo. Unatoka kidogo kidogo, akikaa tu unamwita tena. Anaona aibu kuinuka inuka mbele za watu. Hata maji ameacha kunywa."

Roho iliniuma. Mtu anaharibiwa jina kwa sababu ya kibofu.

Nikampeleka hospitali Bariadi mjini. Akapimwa mkojo, damu, ultrasound, na kile kipimo mnachokitania vijiweni (tulieni, kiliisha haraka na mzee yupo mzima). Majibu yakaja kwamba tezi dume imekua, ila dalili za kansa hawakuziona. Daktari akamwandikia tamsulosin, akamweleza, "Hii inalegeza misuli pale mkojo unapobanwa, ili upite vizuri."

Tukarudi nyumbani tukiwa na matumaini.

Wiki zikapita, hola. Nikaanza kuwaza labda dawa ni feki. Kumbe bi mkubwa anachota mtama kwenye debe, anakutana na vidonge vyote vimefukiwa humo.

Tukamkalisha mzee. Akasema bila kututazama:

"Yule daktari si alisema inalegeza? Sasa mimi nikishalegezwa, nitakaa na mama yenu namna gani?"

Wakuu, nilicheka hadi machozi. Katika maelezo yote yale, mzee aliondoka na neno moja tu. Ila nikimfikiria vizuri namwelewa, kwa mwanaume wa kwetu neno hilo ni zito.

Bi mkubwa hakucheka.

"Ng'ombe akikabwa na kamba shingoni, ukiilegeza umemuua, au umemwacha ameze?"

Mzee akafikiria. "Atameza."

"Basi na wewe meza."

Hakukubali hivi hivi. Ilibidi turudi kwa daktari, mzee aulize mwenyewe. Akaambiwa kinacholegezwa ni njia ya mkojo, asisimame ghafla maana anaweza kupata kizunguzungu, na akiona tofauti yoyote aje aseme, asifukie dawa. Alipoanza kuuliza mambo ya chumbani nilitoka nje. Kuna mengine mtoto hasikilizi.

Alipoanza kumeza kweli, haikuchukua muda mkojo ukawa unatoka bila kubembelezwa.

Juzi tulikuwa na msiba Ngulyati. Wasifu wa marehemu ulikuwa mrefu, mimi nikatoka kwenda chooni. Narudi, nakuta mzee kasimama anasema neno la ukoo, hana haraka, na wale wale wazee wa kiburi cha pamba wanaitikia. Nilifurahi mno, sifichi.

Alipokaa akaninong'oneza, "Naona unatoka toka. Nikupeleke Bariadi?"

Wakuu, mzee akianza kukwepa watu, msimwite mjeuri kabla hamjajua kinachomsumbua. Apimwe kwanza, dawa ya jirani isimhusu. Na akitoka kwa daktari, muulizeni ameelewa nini.

Kama nyumbani kwenu kuna aliyepitia haya, shusha hapa tujifunze. Jioni huwa namsomea mzee comments.

Anasikiliza huku anakunywa maji, kikombe kizima.