Mkojo wa Mama Mkwe

Kwa miaka minne nililipwa mshahara wa kukojoza vyura. Wenzangu wa rika moja pale Elisabethville, enzi za Wabelgiji, walikuwa makarani, mafundi wa reli, wapishi wa Wazungu. Mimi nilivaa koti jeupe katika maabara ya hospitali ya Weusi, na kila asubuhi nilimshika chura dume kwa miguu ya nyuma, nikamchoma sindano ya mkojo wa mwanamke chini ya ngozi, nikamrudisha kwenye chupa yake ya mdomo mpana. Baada ya saa tatu nilivuta mkojo wa chura huyo kwa mrija mwembamba wa kioo, nikanyonya kwa mdomo kama tulivyofundishwa, nikaweka tone moja chini ya hadubini. Nikiona mbegu za kiume zinachezacheza, mwanamke yule ana mimba. Nisipoona kitu, hana. Mara mbili ule mkojo ulinifika ulimini. Vijana wa mtaani waliniita Bwana Mkojo na hawakutaka nitie mkono kwenye sahani yao ya bukari, ugali wetu wa kule, na siwalaumu. Hata leo, mzee nilivyo, nikishanawa kabla ya kula huinusa mikono yangu kwanza.

Daktari wa maabara alikuwa Mbelgiji aliyependa homoni kuliko watu. Alieleza vizuri, hilo sitamnyima. Alisema mwilini kuna tezi zinazopeana habari kwa njia ya damu, na kwamba mimba nayo hutoa habari yake, ikatoka na mkojo. Chura dume akichomwa mkojo huo mwili wake unaamka na kutoa mbegu. Alitaka kuthibitisha kwamba vyura wetu wa mto Naviundu wanafaa kwa kazi hiyo sawa na wale wa ng'ambo, na aliandika kila tone katika daftari lake la utafiti. Mkate wake wa jibini aliulia juu ya meza ileile, kando ya mikojo, akijipangusa makombo kwa mkono uliotoka kushika chura. Nilikuwa nikimtazama anavyotafuna, kisha naenda kula changu uani.

Ndipo mama mkwe wangu akaugua. Alikuwa bado mwanamke mwenye nguvu, hajafika miaka arobaini. Alimzaa mke wangu akiwa msichana, huko Pweto, kisha hakupata mtoto mwingine hadi akafiwa na mume. Alikuja mjini kuuza samaki wakavu, akaolewa na mtu wa reli ambaye hakuficha kwamba alimwoa ili amzalie. Alipopata mimba walifurahi wote. Lakini tumbo lilikua haraka kupita kiasi, damu ikaanza kutoka, na hospitalini walimtoa, badala ya mtoto, rundo la vipovu kama mayai ya chura. Daktari alisema mimba ya namna hiyo hutokea, na hatari yake huja baadaye. Kipande kidogo kikibaki kinaweza kugeuka uvimbe mbaya, ukapanda hadi mapafuni. Lakini uvimbe huo hutoa homoni ileile ya mimba. Kwa hiyo alete mkojo kila wiki. Vyura wakinyamaza, yaani mbegu zisionekane, amepona. Wakiitika, tumbo la uzazi litolewe mara moja.

Sasa, kwetu mkwe haonani na mama mkwe wake. Nikimwona anakuja njiani, naingia vichakani. Akifika nyumbani kwangu Katuba, natokea mlango wa nyuma, na salamu zinapitia kwa mke wangu. Uso wake sikuwahi kuutazama sawasawa hata siku moja, nao mkojo wake ndio niliopaswa kuuvuta kwa mdomo. Nilipomwambia mke wangu kwamba chupa za mama yake zinafikia mezani kwangu, alishika kichwa. Mimi nilijifanya mtu wa sayansi. Nilisema ugonjwa hauna mkwe. Lakini kila Alhamisi, mke wangu alipoleta ile chupa iliyofungwa kwa kitambaa, niliifanya kazi ile nimefumba macho nusu.

Wiki saba vyura walinyamaza. Wiki ya nane waliitika. Nilimwita daktari, akaangalia kwenye hadubini, akafurahi kama mtu aliyeletewa zawadi, maana daftari lake lilikuwa bado halijapata mgonjwa wa aina hiyo. Jioni ileile mama mkwe alilazwa. Upasuaji ulipangwa Jumamosi asubuhi.

Ijumaa alfajiri mke wangu alitapika nje ya nyumba, akarudi ndani, akakaa chini sakafuni. Aliongea akitazama magoti yake.

“Ile mikojo haikukuwa ya mama,” alisema. “Ilikuwa yangu. Mama alisema mukwe hawezi kushika vitu yake. Alisema damu yetu iko moja, munganga hatajua.”

Sikumkaripia. Nilielewa upesi mno. Mama mkwe hakuwa ameambiwa na mtu yeyote chura anatafuta nini. Alidhani mkojo ni kama jina la ukoo, wa mama na wa binti ni uleule. Vyura walikuwa wameitikia mimba ya mke wangu, mtoto wangu wa kwanza, na kwa ajili yake mwanamke mwingine anakwenda kupasuliwa. Wahenga husema mficha uchi hazai. Nilikuwa naiona methali ile inatimia neno kwa neno, nami nimevaa koti jeupe.

Nilikimbia hospitalini nikamweleza daktari. Kwa Kifaransa maneno yale yalitoka mepesi, yasiyo na aibu, na yeye alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha kucheka. Alisema mimba ya mke wangu haimwambii lolote kuhusu mama yake; pengine ni mzima, pengine uvimbe upo na umekua wiki nane bila kuonekana. Hawezi kungoja. Lakini kabla ya saa sita mchana nimletee mkojo mwingine, wa mama mwenyewe, uliotoka mbele ya macho yangu, maana sasa yeye hana imani tena na wanawake wetu. Vyura wakinyamaza, atafuta upasuaji. Akanipa chupa safi.

Nilikwenda nayo hadi wodi ya wanawake. Mlango ulikuwa wazi, kitanda chake kilikuwa cha tatu, na niliona miguu yake chini ya blanketi. Nilisimama pale. Ningeweza kumwomba mtawa muuguzi aingie badala yangu, lakini mtawa angeuliza sababu, na kueleza ni kuutaja mkojo wa mama mkwe mbele ya wagonjwa wote. Nilijiambia nitahesabu hadi kumi kisha niingie. Nilihesabu mara nyingi. Wagonjwa waliokuwa wakipita walinitazama, na jasho lilinitoka ndani ya koti kama mwizi. Kengele ya saa sita ilipolia nilirudi maabara na chupa tupu, nikamwambia daktari kwamba mgonjwa amekataa.

Hakukataa. Hakuulizwa. Nimewachukia watu wengi maishani mwangu, na yule daktari na jibini lake ni mmoja wao, lakini hakuna niliyemchukia kama mtu yule aliyesimama mlangoni akihesabu.

Jumamosi, kabla ya saa nne, walileta beseni lililofunikwa kitambaa, wakaliweka mezani kwangu. Ilikuwa kazi yangu kuosha kilichomo na kukitia dawani kisioze. Mimi niliyeona haya kumtazama usoni nilikishika kwa mikono miwili, kina uvuguvugu bado, nyumba alimokaa mke wangu miezi tisa. Daktari alikipasua, akakigeuza, akakitafuta kila upande. Kilikuwa safi. Hakukuwa na kipovu hata kimoja. Alishusha pumzi, akaandika kwenye daftari kwamba jaribio hilo lisihesabiwe, akaenda kunawa. Nilitoka uani nikatapika mpaka nikatapika nyongo.

Mama mkwe alipona kidonda. Mume wake wa reli alimrudishia kapu lake la samaki miezi miwili baadaye, akaoa mwingine. Mke wangu aliniuliza mara moja tu kilichotolewa kwa mama yake kilikuwa na nini, nikasema ugonjwa.

Mtoto alizaliwa, wa kiume. Na kwetu mtoto wa kwanza ndiye anayeondoa uzio ule wa kutoonana. Mama mkwe anapika kuku na bukari, anamwita mkwe wake ndani, wanatazamana, na kuanzia hapo wanaweza kusemezana kama watu. Aliniita. Niliingia nimeinamisha kichwa, nikaketi mkekani, na kwa mara ya kwanza nikauona uso wake. Ulifanana sana na wa mke wangu. Mtoto alikuwa mapajani mwake.

Sauti yake ilipotoka haikuwa na hasira, na afadhali ingekuwa nayo.

“Ile siku ya Ijumaa nilikuona ku mulango na chupa,” alisema. “Haya ilikuwa imeshaniisha, niliogopa kisu tu. Nilikuwa nakungojea uingie, mukwe.”

Kisha akamega pande la bukari, akaweka juu yake paja la kuku, akaninyooshea kwa mkono wake mwenyewe, kama desturi inavyotaka. Nililipokea. Nililitafuna lote mbele ya macho yake, na kila tonge lilipopanda nikalimeza tena, kwa sababu siku hiyo mkwe haruhusiwi kutema.