Nilitaka kuliuza kochi letu la zamani, fundi akalifungua akaniambia habari za mama yangu

Wakuu, heshima kwenu nyote, pamoja na nyie mnaosoma mkiwa ofisini huku mmefungua faili la kuzugia.

Ninachoandika hapa kimetokea sebuleni kwangu na wahusika wote wako hai. Sina ninachouza. Fundi nitakayemtaja hajui hata kama jukwaa hili lipo, simu yake ni kitochi.

Mimi niko Kasulu mjini, nauza vipuri vya pikipiki. Kazi yangu naijua na sioni aibu kusema hivyo. Boda akipita mbele ya duka langu, kwa namna anavyoruka tu kwenye tuta najua shokapu za nyuma zimekufa. Hilo likumbukeni, maana ndilo linaloniuma zaidi kwenye kisa hiki.

Tuanze na kochi lenyewe.

Nililipata Kibondo, kabla sijaoa. Kuna shirika lilikuwa linafunga ofisi yake pale, likapiga mnada vitu vyake. Wenzangu wakagombania majokofu na viti vya kuzunguka. Mimi nikaondoka na kochi la watu watatu, fremu mninga mtupu. Tulilipandisha kwenye Fuso watu wanne, na mmoja wao aliapa siku ile ile kwamba nikihama tena nisimtafute.

Kochi hilo limekaa na mimi tangu nina chumba kimoja cha kupanga hadi nimejenga. Watoto wangu wote watatu wamejifunza kusimama kwa kulishika.

Sasa, mama yangu alikuwa anaishi Busunzu, huko huko wilaya ya Kibondo. Peke yake, na shamba lake la maharage. Magoti yakaanza kumsumbua. Siku moja akaanguka njiani akitoka kuteka maji, akakaa pale chini mpaka wapita njia walipomkuta. Niliposikia sikusubiri, nilimfuata nikamleta kwangu.

Mke wangu, mama Neema, alimpokea vizuri sana. Mama akapewa sehemu yake, mwisho wa kochi upande wa kulia, karibu na dirisha, aweze kuona barabarani nani anapita na nani.

Kochi lilikuwa limeshaanza kubonyea. Mimi nikajifanya fundi. Nikachukua godoro la zamani la watoto, nikalikata kwa kisu, nikalisokomeza chini ya kava, hasa pale anapokaa mama. Mke wangu akapamba juu na vitambaa vyake vya kufuma. Likawa laini, ukikaa unazama hadi magoti yanapita kiuno. Niliona nimempa mama heshima kubwa. Wageni nilikuwa nawaambia wakae waonje.

Kumbe nilikuwa nachimba shimo.

Jumapili moja alikuja bamkwe, baba wa mke wangu, kutoka Kibondo. Mnajua salamu za kwetu Waha, si za kupungiana mkono. Watu wanainuka, wanashikana mabega, wanaulizana habari za nyumbani mpaka ziishe. Mama akataka kuinuka kumsalimia mkwe wake. Akajaribu, akarudi. Akajaribu tena, akarudi.

Mimi nikacheka kidogo, nikamshika mikono miwili, nikamvuta juu. Bamkwe alikuwa mbele yetu pale, kofia mkononi, anasubiri.

Nilidhani nimefanya jambo jema. Hata sikulifikiria tena.

Kesho yake mama hakukaa sebuleni. Akaenda nyuma, kwenye mlango wa jikoni, ambako kuna kiti cha mbao kirefu na kigumu, cha aina ile ya ofisi ya kijiji. Akakaa hapo. Siku ya pili hapo. Wiki nzima hapo, chai hapo, chakula hapo.

Nikamuuliza kulikoni, naye akaniita mwanangu kwa Kiha chetu.

"Mwana wanje, huko ndani kuna joto."

Wakuu, ilikuwa mwezi wa saba. Anayeijua Kasulu mwezi wa saba anajua hakuna joto la kumtoa mtu ndani. Mama alikuwa amejifunika vitenge viwili na amevaa soksi, halafu ananiambia kuna joto.

Hapo akili yangu ikaenda pale ambapo akili za wanaume wengi huwa zinaenda. Nikasema kuna kitu mke wangu amemwambia mama.

Nikamweka kikao. Nikamuuliza, umemfanya nini mama yangu? Akaniangalia, akasema hajamfanya kitu. Nikauliza tena kwa sauti ya juu zaidi. Aliondoa vyombo mezani akatoka. Kuanzia siku hiyo nyumba ikawa na ukimya fulani hivi, mtu anaongea na wewe kuhusu sukari imeisha, basi.

Kilichonishangaza ni kwamba mama na mke wangu wenyewe walikuwa wanaongea vizuri tu kule nyuma. Nawasikia wanacheka. Nikiingia wananyamaza. Nikazidi kuchanganyikiwa.

Kisha mama akatangaza kwamba anarudi Busunzu. Maharage yanamsubiri, eti. Akataja na siku ya kuondoka.

Niliogopa, nasema wazi. Nilijua akirudi kule ataanguka tena, na safari hii huenda asipite mtu. Na nilijua ukoo mzima utasema nilishindwa kumtunza mama kwa ajili ya mwanamke, kwa sababu hata mimi ndivyo nilivyokuwa nawaza.

Nikaja na wazo langu la kijuaji. Nikajiambia mama amechoka na kochi lililochakaa, anaona aibu kukalia kitu cha zamani wakati mwanaye ana duka. Basi ninunue seti mpya, zile za kisasa za chini chini, laini, zinazojikunja kona. Hili la zamani nilipige kava jipya tu lipendeze, nilitafutie mteja.

Nikalibeba hadi kwa fundi Rajabu. Ni mzee wa makamo, kwao Ujiji, ufundi amejifunzia Tanga. Karakana yake ni bati nne na turubai, upande wa nyuma wa soko. Nikamwambia nataka kava tu, haraka, nakwenda kuuza.

Akakataa. Si kwa ukali. Alisema yeye hamvalishi mtu shati jipya bila kumwogesha, nimwachie siku mbili alifungue alione, kisha ndiyo tuongee. Nilikasirika kidogo, ila nguvu za kulibeba tena lile kochi la mninga sikuwa nazo.

Siku ya pili akanipigia, niende.

Nikalikuta kochi liko uchi. Kava limetolewa, sponji limetolewa, magunia ya ndani yametolewa, imebaki fremu na mikanda ya kukalia. Ndani yake kulikuwa na kalamu, kichana, funguo ambazo mwaka mzima nilikuwa nawasingizia watoto, na maharage mengi tu ya mama, maana anapenda kuchambua akiwa amekaa.

Fundi Rajabu hakujali hayo. Alinionyesha upande wa kulia. Mikanda ya pale imekatika yote. Mkono wa kochi wa upande ule, mbele kabisa, kitambaa kimelika hadi mbao imetoka. Akaushika, akautikisa, ukacheza. Ule wa kushoto alipoutikisa haukusogea.

"Hapa anakaa nani?"

Nikamwambia anakaa mama.

"Bi mkubwa ana magoti?"

Nikamwambia ndiyo, yanamsumbua. Nikamuuliza amejuaje.

"Mtu anayekaa tu haharibu mkono namna hii. Huyu kila siku alikuwa anausukuma mkono apate kuinuka, na chini hakuna kinachomsaidia. Mama yako hapa alikuwa hakai, alikuwa anapambana."

Halafu akaokota kile kipande cha godoro, akauliza nani alikiweka. Nikasema mimi. Alikikunja tu akakiweka pembeni na takataka nyingine.

Wakuu, nilisimama pale kama mjinga. Bamkwe na kofia yake mkononi vikanirudia. Nikaona jinsi nilivyomvuta mama mbele ya mkwe wake kama mtu anayetoa gunia kwenye gari, tena huku nacheka. Na kile kiti kigumu cha jikoni nikakielewa saa hiyo hiyo. Kile kilikuwa kiti pekee ndani ya nyumba yangu ambacho mama aliweza kuinuka mwenyewe.

Mimi ambaye naona shokapu mbovu kutoka ng'ambo ya barabara.

Nikamwambia fundi aachane na habari ya kuuza. Alitengeneze limfae mama. Akasema basi anahitaji kipimo cha kimo cha kukalia. Nikamwambia fundi kwamba mama sitamweleza, atazidi kuona aibu. Akanipa futi ya kushonea.

"Usimpime yeye. Kapime kile kiti anachokipenda."

Nikarudi nyumbani. Mama alikuwa ameenda kwa jirani. Nikapiga goti pale mlango wa jikoni, napima kiti kutoka chini hadi pa kukalia, naandika kwenye kiganja. Nikainua macho, mke wangu amesimama na sufuria ananiangalia.

Nikamweleza yote, mikanda, mkono, godoro, bamkwe. Nikamaliza, nikamuuliza kama alikuwa anajua.

"Nilijua. Kila siku nilikuwa namsaidia kuinuka ukiwa dukani. Alinikataza nisikwambie, alisema utamwona mzigo."

Nikamuuliza kwa nini alikubali nimgombeze bure.

"Baba Neema, uliniuliza nimemfanya nini. Hukuniuliza ana nini."

Nilimwomba msamaha nikiwa bado nimepiga goti, futi mkononi. Alisema amesikia. Msamaha wenyewe ulichukua siku kadhaa kufika, na nilistahili.

Mama nilimwambia tu kochi liko kwa fundi na ninaomba achague rangi ya kitambaa kabla hajasafiri. Akasema hizo ni kazi za vijana. Mke wangu akamletea vipande vya sampuli, akavigeuza geuza nje kwenye mwanga, akachagua rangi ya vumbi letu la hapa, nyekundu ya kahawia. Akasema hata watoto wakipanda na miguu michafu haitaonekana. Sisi wenyewe tungechagua rangi ya maziwa, nawaambia ukweli.

Kochi likarudi baada ya siku kumi. Fundi alikaza viungo vyote, akaweka mikanda mipya, akaongeza miguu ya chini kwa mninga ule ule hadi kimo kikafanana na kiti cha jikoni. Sponji akaweka gumu, unakaa linakupokea lakini halikumezi. Mikono ya kochi akaifanya itokeze mbele kidogo, pale mtu anaposhika kuinuka. Pande zote mbili, ili isionekane imefanywa kwa ajili ya mtu fulani. Hilo la mwisho sikumwambia, aliliwaza mwenyewe.

Mama akaingia kuliona. Akapapasa kitambaa. Akakaa. Akaweka mkono pale mbele, akainuka. Akakaa tena. Kisha akaomba aletewe ungo wake wa maharage.

Siku aliyotaja ya safari ikafika, ikapita. Hakuna aliyemkumbusha.

Bamkwe alikuja tena mwezi uliofuata. Tulikuwa sebuleni wote. Aliposema hodi nikaona mama anashika mkono wa kochi, na mimi mwili wangu ukataka kuruka kumsaidia. Mke wangu akanishika shati kwa nyuma.

Mama aliinuka mara moja tu. Akasimama wima, akamshika mkwe wake mabega, salamu ikaenda mpaka ikaisha, habari za ng'ombe, za mvua, za watoto. Mimi nikajifanya natafuta rimoti. Machozi yalikuwa yananitoka, sifichi.

Sasa wakuu, nasema hivi bila kupepesa macho. Kama una kochi la zamani lenye fremu ya mbao ya kweli, usilitupe na usiliuze kwa hasira. Seti nyingi mpya nilizozizunguka madukani, ukizigeuza chini unakuta vipande vya maboksi na pini. Mimi nimetumia chini ya nusu ya bei ya seti mpya na nimepata kitu ambacho hakuna duka lingeniuzia, kwa sababu hakuna duka lingeniuliza nani anakaa.

Na usikubali fundi wa kupiga kava tu juu ya uozo. Mwambie alifungue, na uwepo anapofungua. Utaona nyumba yako imekaaje.

Mwenye mzazi nyumbani, leo jioni muangalie anavyoinuka. Usimsaidie kwanza, muangalie tu. Halafu njoo utuambie hapa umeona nini. Na kama kuna mafundi sofa humu, mtusaidie aina ya sponji linalodumu, maana langu nataka lifike hadi wajukuu. Mnaotaka kunisema kwa habari ya mke wangu, semeni, uwanja ni wenu.

Samahani kama kuna makosa ya uandishi. Mama ana wageni wake wawili wa kanisani, wamelijaza kochi wanachambua maharage, na mimi naandika huku nyuma nikiwa nimekalia kile kiti kigumu cha jikoni.