Bia ya Shemeji Isiyotaka Barafu

Kisa hiki nikiwaambia, wapwa zangu, mtasema mjomba kaanza tena. Semeni. Nimekwisha kuzoea kutoaminiwa na watu ambao hawajafika nilikofika mimi. Na mimi nimefika kwingi, ingawa shuleni sikwenda mbali, kwa sababu mimi na hesabu hatukuelewana. Naandikia hapa hapa kwenye benchi la karakana ya shemeji yangu, mke wa mdogo wangu. Mwenyewe yuko nyuma yangu, kavaa kinyago, anachomelea geti. Mashine inanguruma, hasikii wala haoni. Hapa ndipo pazuri pa kumsema mtu.

Mtaani wanamwita Cheche. Ni fundi wa kuchomelea, na ninaposema fundi sina maana ya hawa wabandikaji. Mletee kiti kilichovunjika, atakigonga kwa kidole, atakwambia, "Acha, pita kesho," na kesho ukipita huoni hata kilipovunjikia. Alipoletwa kwetu mchumba, mashangazi walinong'ona kwamba viganja vyake vigumu kama vya mwanamume. Mdogo wangu akawajibu kwamba yeye anaoa mtu mzima mzima, haoi viganja. Maneno yale bila shaka aliyatoa kwangu.

Sasa. Kiwanda kimoja kidogo cha bia kilimwita akawatengenezee matangi ya chuma kisichoshika kutu. Mwingine angechomelea akaenda zake. Yeye akauliza, kwa nini ndani mnataka pawe laini hivi, mpaka ukipitisha ukucha usikwame? Wakamwambia uchafu ukijificha kwenye mshono, bia nzima inaharibika. Akauliza, na hamira kazi yake nini? Na haya maua makavu ya kijani? Aliuliza mpaka wakamchoka, wakampa glasi aonje ili anyamaze. Basi hapo ndipo tulipompoteza. Alirudi nyumbani, akatafuta chuma kile kile, akajichomelea tangi lake, akaliweka chumba cha nyuma hapa karakana, pale zilipokuwa zikikaa nondo na makopo ya rangi.

Alichopika humo kinaitwa peli eli. Msicheke, hata mimi nilidhani anataja mapacha. Ni bia ya rangi ya asali, ina uchungu wa makusudi, na inanukia maganda ya chungwa, wakati chungwa lenyewe halimo. Harufu inatoka kwenye yale maua. Alipika, akaonja, akamwaga. Akapika tena, akaonja, akamwaga. Kila akimwaga mimi roho inaniuma, nimesimama na kikombe karibu na mtaro. Mpaka mara moja akaonja, akaonja tena, akasema, "Hii sasa ndiyo yenyewe."

Bia nayo inataka pa kunywewa. Kwenye kona yetu kuna baa, na mwenye baa tunamwita Kaunta, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona kutoka kiunoni kushuka chini. Ana safu ya mabomba ya bia, na la mwisho limekauka tangu zamani. Shemeji akamfuata.

"Nipe lile bomba lako bovu."

"Nikupe uuze uji?"

"Onja kwanza."

Kaunta akakubali kuonja Jumamosi mchana, mara moja tu, na akisema hapana asisumbuliwe tena. Shemeji akasema sawa, akishindwa tangi atalikata aligeuze tangi la maji, mteja wa kulichukua yupo. Alilisema hilo kama anayesema leo kuna mawingu. Lakini mimi nilimwona alivyolipapasa lile tangi wakati akipita.

Jumamosi ikafika naye ana geti la watu la kumalizia. Akanikabidhi chupa.

"Shemeji, tangulia. Ziweke tu pembeni, penye ubaridi ubaridi. Friza zisiingie. Umenisikia?"

"Shemeji, unaongea na mtu mzima."

"Ndiyo maana narudia."

Nikafika. Jamani, Kaunta mnamjua? Kwake yeye bia isiyouma meno ni dawa ya kikohozi. Nikawaza, mtoto wa watu amehangaika vile, halafu bia yake ije na uvuguvugu mbele ya mtu kama huyu? Haiwezekani. Nikazungusha akili. Kaunta alipogeuka kufuta glasi, nikazisukumiza chupa friza, chini kabisa, katikati ya mapande ya barafu.

Shemeji akaja, masizi yako shavuni. Kaunta akatoa chupa, inafuka moshi. Akamimina, akainua glasi dirishani.

"Mbona ina ukungu?"

"Haijachujwa. Ndivyo ilivyo."

"Na povu lote hili? Wateja wangu povu wanaliita wizi."

"Povu ndilo linaloshika harufu."

Kaunta akanusa. Akanywa. Akatafuna midomo.

"Harufu gani? Haya ni maji, fundi. Maji machungu. Pole."

Mimi hapo nilishasikia tangi linakatwa. Shemeji akasogea karibu. Aliishika glasi, akaishika chupa, kisha akageuza shingo taratibu kunitafuta. Mimi nilikuwa nimekwenda kukagua kreti za soda kule stoo, maana kreti lazima mtu azikague.

"Shemeji!"

"Naam!"

"Friza?"

"Kidogo tu!"

"Toka huko."

Sikutoka. Kreti zilikuwa nyingi.

Mwingine angelia, au angenirushia chupa. Yeye alivuta kiti akakaa kama baa ni yake.

"Kaunta, umeonja barafu, bia yangu hujaionja. Iache glasi hapo. Usimwage, usiongeze."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ikuite yenyewe. Una haraka gani na baa haina mtu?"

"Fundi saa yule pale."

"Fundi saa amelala."

"Silali," akasema fundi saa kutoka kwenye kona yake, macho kayafumba.

Basi wakakaa. Shemeji akamuuliza habari za mlango wake wa nyuma, ule unaolia kama paka. Akaenda, akauinua kwa bega, akamwonyesha bawaba ilivyolika. Kaunta akatoka nyuma ya kaunta. Ndiyo, miguu anayo. Niliiona kupitia upenyo wa kreti, imevaa ndala. Wakabishana bawaba ibadilishwe au ichomelewe. Kaunta glasi aliisahau kabisa. Shemeji hakuisahau: kila akipita anaigusa kwa mgongo wa vidole, kama mama anayepima homa ya mtoto.

Ndipo fundi saa akafumbua macho.

"Nani anamenya chungwa humu ndani?"

"Hakuna chungwa hapa," Kaunta akasema.

"Lipo. Nalisikia."

Kaunta akageuka, akairudia glasi, akainama juu yake. Pua yake ikakaa pale muda. Akanywa funda dogo, akanywa kubwa, akafumba macho, na Kaunta hajapata kufumba macho mbele ya meza zake tangu aibiwe redio.

"Umeongeza nini?"

"Sijaongeza kitu. Imeacha kutetemeka, sasa inaongea."

"Glasi ni ile ile?"

"Alama ya mdomo wako hiyo hapo ukingoni."

Akaimaliza. Akaitazama tupu kama mtu aliyenyang'anywa.

"Lakini wateja wangu wanataka baridi, fundi."

"Watapewa. Baridi kama ya maji ya mtungini, siyo ya friza."

Kaunta akalishika lile bomba la mwisho, akalitikisa. "Limekwama."

"Spana ninayo," akasema shemeji, na akalifungua pale pale. Fundi saa alikuwa mteja wa kwanza. Na tangi lipo, nalisikia kutoka chumba cha nyuma, limejaa, linacheua polepole.

Sasa niulizeni nani aliyeokoa jambo. Bila friza, Kaunta angepiga funda, angesema si mbaya, angerudi kufuta glasi zake. Friza ndiyo iliyomkalisha. Na friza ni nani? Ni mimi, nilipanga kila kitu! Nikatoka stoo kifua mbele, nikachukua glasi, nikakata kwa pumzi moja, nikataja kilichomo kimoja kimoja, baa nzima, watu mia mbili, wakasimama, na Kaunta akanishika mkono machozi yanamtiririka, akasema hajapata kuona mwanamume mwenye ulimi wa—

"Mia mbili? Walikaa wapi, shemeji, juu ya paa?"

"Ee! Mashine umeizima saa ngapi?"

"Nimesoma juu ya bega lako tangu kwenye kreti. Andika na hili: fundi saa ndiye aliyekutoa stoo, suruali imenasa kwenye msumari."

"Nilikuwa naelekea huko huko, shemeji. Nilitaka kwanza wapwa waelewe kwamba msumari wenyewe haukuwa wa kawaida, ulikuwa mrefu kama—"

"Shemeji!"